Boti ya sola: Piga hesabu kabla ya kuuza injini ya petroli

KATIKA mialo mingi ya Ziwa Victoria, kitu cha kwanza kushuka ufukweni alfajiri si wavu wala ndoo ya dagaa. Ni dumu la petroli.

Dumu hilo limenunuliwa mjini, likapandishwa pikipiki, kisha likavushwa kwa boti hadi kisiwani. Kila mkono lilikopita umeongeza kitu kidogo juu ya bei. Mvuvi au mfanyabiashara wa kisiwani anapolimimina kwenye tangi, analipa zaidi ya ile bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi.

Ndiyo maana habari ya boti inayotembea kwa jua inasikilizwa kwa makini na wavuvi, wafugaji wa samaki, wakulima wa mwani na wenye boti za kuvusha watu. Jua halinunuliwi kwa lita, halibebwi kwa dumu wala halipandi bei mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, paneli, betri na mota vinanunuliwa, tena kwa fedha nyingi zinazotolewa kwa mara moja. Kwa mwenye boti moja, fedha hizo ni akiba ya miaka au mkopo wa benki au wa chama cha kuweka na kukopa. Akikosea hesabu, hapotezi vifaa tu, anaweza kupoteza na boti.

Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo inafanyaje kazi, imefanikiwa wapi, nani inamfaa na nani haimfai.

Si jambo jipya

Boti ya umeme ina umri mkubwa kuliko injini ya petroli. Mwaka 1838, mwanasayansi Moritz Jacobi aliendesha boti ya mota ya umeme katika Mto Neva mjini St. Petersburg, Urusi, ikiwa na abiria zaidi ya kumi. Betri za wakati huo zilikuwa nzito na ghali, hivyo petroli na dizeli zilipokuja zikachukua nafasi.

Jambo lililobadilika ni bei na ubora wa paneli na betri. Septemba 2010, chombo kiitwacho PlanetSolar chenye urefu wa mita 31 kiliondoka Monaco kikiwa kimefunikwa kwa paneli juu yote. Kilizunguka dunia kwa nguvu ya jua pekee na kurejea hapo hapo Mei 2012.

Safari hiyo ilithibitisha kwamba inawezekana. Lakini kilikuwa chombo cha mamilioni ya fedha, na mwenye mtumbwi hawezi kujifunza biashara kutoka kwake. Somo la biashara liko kwingine.

Kivuko cha Kerala

Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, watu wengi huishi kandokando ya maziwa na mifereji, na boti kwao ni kama daladala. Januari 2017, idara ya usafiri wa majini ya jimbo hilo ilizindua kivuko cha sola kiitwacho Aditya, neno lenye maana ya jua.

Kivuko hicho hubeba abiria 75 na huvuka Ziwa Vembanad kati ya Vaikom na Thavanakadavu, umbali usiofika kilometa 3. Kina paneli za kilowati 20 kwenye paa, betri za lithiamu za uniti 50 na mota mbili za kilowati 20 kila moja. Kiligharimu karibu rupia milioni 20.

Kinachovutia ni namna kilivyochaguliwa kulingana na njia yake. Safari ni fupi, maji yametulia, mwendo si wa kasi na kila mwisho wa safari kuna gati ambako chombo hupumzika kidogo huku jua likiendelea kujaza betri. Jioni kinaweza kuongezewa umeme wa kawaida kutoka nchi kavu. Kwa sababu hiyo, gharama yake ya nishati kwa siku ni sehemu ndogo tu ya fedha ambazo kivuko cha dizeli cha ukubwa huo kingechoma.

Mfano wa pili uko katika misitu ya Amazon nchini Ekwado, katika eneo la watu wa kabila la Achuar. Huko hakuna barabara na mafuta hupelekwa kwa ndege ndogo, hivyo bei yake ni mara kadhaa ya bei ya mjini. Mwaka 2017, mtumbwi wa sola wa urefu wa mita 16 uitwao Tapiatpia ulianza kusafirisha wanakijiji kati ya vijiji vya mito ya Capahuari na Pastaza. Paneli zake ndizo paa linalowakinga abiria.

Mifano hiyo miwili inafanana kwa mambo matatu. Njia inajulikana, mwendo ni wa taratibu na mafuta yana gharama kubwa. Pale mambo hayo matatu yanapokutana, sola ina nafasi. Pale linapokosekana mojawapo, hesabu huanza kuwa ngumu.

Jua linatoa kiasi gani?

Anayetumia LUKU anaijua uniti. Uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Kipimo hicho hicho ndicho kinachotumika kupimia boti ya sola, na anayekielewa hawezi kudanganywa kirahisi.

Chukulia boti ya mbao au faiba ya mita 6, yenye paa dogo la mita 2 kwa mita 2. Paa hilo linatosha paneli mbili za wati 400, yaani wati 800 kwa jumla. Uzito wake ni kama kilo 40.

Maeneo ya karibu na ikweta hupata jua kali lenye thamani ya kama saa 5 kwa siku. Wati 800 kwa saa 5 ni uniti 4. Lakini joto, vumbi, nyaya na betri vyenyewe hula sehemu. Toa robo, zinabaki uniti 3 kwa siku.

Uniti 3 ni nyingi au kidogo? Lita moja ya petroli ina joto la kama uniti 9, lakini injini ndogo ya boti hupoteza sehemu kubwa kwa joto na moshi. Kinachofika kwenye pangaboi ni kama uniti moja na nusu kwa kila lita. Mota ya umeme haipotezi kiasi hicho. Kati ya uniti 3 inazopewa, mbili na nusu hufika kwenye maji.

Kwa hiyo paa la mita 2 kwa mita 2 ni sawa na kisima kidogo kinachotoa karibu lita 2 za petroli kila siku ya jua. Si zaidi ya hapo. Mwenye boti anayechoma lita 25 kwa siku kufuata sangara mbali asitegemee kwamba paa hilo litamaliza shida yake.

Ni vizuri pia kujua kwamba nguvu moja ya farasi ni wati 746. Injini ya farasi 15, ambayo ni ya kawaida katika mialo mingi, ni zaidi ya wati 11,000. Kuilisha moja kwa moja kwa jua la mchana kunahitaji paneli za kama mita za mraba 55, eneo la nyumba ndogo ya familia. Hakuna boti ya mita 6 inayoweza kubeba paa la namna hiyo.

Siri iko kwenye mwendo

Maji yana tabia moja ambayo kila nahodha anaijua kwa mkono wake, hata kama hajawahi kuiandika. Ukitaka mwendo mara mbili, hutumii nguvu mara mbili. Unatumia karibu mara nane.

Boti ya mita 6 yenye umbo zuri na mzigo wa wastani inaweza kwenda kilometa 7 kwa saa kwa mota ya kilowati 1. Boti hiyo hiyo ikitakiwa kwenda kilometa 14 kwa saa itahitaji kilowati 8 au zaidi. Ikipunguza hadi kilometa 3 na nusu kwa saa, wati 125 zinatosha, nguvu ya balbu mbili za zamani.

Hapo ndipo penye siri ya boti zote za sola zilizofanikiwa, kuanzia Kerala hadi Amazon. Hazikushinda injini ya petroli kwa nguvu. Zilikubali kwenda taratibu.

Kwa mwendo wa kilometa 7 kwa saa, uniti 3 za siku moja zinatosha safari ya kama kilometa 20. Mwenye kivuko cha kilometa 5 anaweza kwenda na kurudi mara mbili kwa siku bila kununua kitu. Kila upande atatumia dakika 43 hivi, pale ambapo injini ya petroli ingetumia robo saa.

Je, abiria watakubali? Mwenye mgonjwa atakataa. Mwenye magunia ya viazi anayekwenda sokoni huenda akakubali, hasa nauli ikipungua. Swali hilo halijibiwi na fundi wa sola. Linajibiwa na mwenye boti anayewajua abiria wake.

Hesabu mbili za mkopo

Hapa ndipo mwenye boti anatakiwa kukaa chini na daftari, maana kuna hesabu mbili na zinatoa majibu tofauti kabisa.

Chukulia mtu anayesafiri kilometa 20 kwa siku. Akiwa na boti nyepesi na injini ya farasi 15 inayokwenda kilometa 20 kwa saa, safari zote zinachukua saa moja. Injini ya namna hiyo ikifunguliwa yote huchoma kama lita 6 kwa saa. Tuseme, kwa mfano, lita ni Sh3,000. Kwa siku anatumia Sh18,000, na kwa siku 250 za kazi kwa mwaka ni Sh4.5 milioni.

Tuseme tena kwamba seti nzima ya paneli, betri, mota na ufungaji inamgharimu Sh9 milioni. Muuzaji atamwambia kwamba fedha yake itarudi ndani ya miaka 2. Kwa hesabu hiyo, muuzaji hasemi uongo.

Lakini kuna hesabu ya pili. Mtu huyo angepunguza mwendo wa injini yake ya petroli, au akanunua injini ndogo, na kwenda kilometa 7 kwa saa kama boti ya sola, angechoma kama lita 2 hivi kwa siku badala ya 6. Yaani lita 4 kati ya zile 6 zimeokolewa na mwendo, si na jua. Angeweza kuziokoa kesho asubuhi bila mkopo.

Kazi halisi ya jua ni zile lita 2 zilizobaki. Kwa bei ile ile ni Sh6,000 kwa siku, sawa na Sh1.5 milioni kwa mwaka. Seti ya Sh9 milioni itarudisha fedha yake kwa miaka 6.

Miaka 2 na miaka 6 ni tofauti ya mkopo unaolipika na mkopo unaomlaza mtu macho. Bei zilizotajwa hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei ya petroli ya mwaloni kwake na bei ya vifaa aliyoipata dukani, kisha afanye hesabu zote mbili. Pale petroli inapouzwa ghali zaidi, miaka hupungua.

Kuna vitu vingine vya kuweka upande wa faida. Mota ya umeme haina plagi, kabureta wala oili ya kuchanganya. Haina moshi, haimwagi mafuta juu ya maji na haipigi kelele. Kwa anayebeba watalii au anayefuga samaki, hayo nayo yana bei yake.

Betri ndiyo moyo wa boti

Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20. Mota iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Kitu kinachokufa mapema ni betri, na ndicho kinachoamua kama biashara ina faida au hasara.

Kosa la kwanza ni kutumia betri ya gari. Betri hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikitumika kusukuma boti kwa saa nzima na kuishiwa kila siku, haimalizi msimu.

Betri za asidi zilizotengenezwa kwa ajili ya sola ni afadhali, lakini hazitakiwi kutumika zaidi ya nusu ya ujazo wake. Ili kupata uniti 4 za kutumia, unahitaji betri kama 8 za ampea 100, volti 12. Uzito wake unafika kilo 240, sawa na abiria watatu na mizigo yao. Zikitumika kila siku, hudumu kama mizunguko 500, yaani miaka 2 kwa siku 250 za kazi.

Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfati ni ghali zaidi wakati wa kununua. Lakini betri moja ya volti 48, ampea 100, yenye kilo zisizozidi 50, inatoa uniti hizo hizo 4, na iliyo bora huvuka mizunguko 2,000. Hiyo ni miaka 8 ya kazi.

Rudi sasa kwenye ile hesabu ya miaka 6. Mwenye betri za lithiamu bado anatumia seti yake ya kwanza. Aliyenunua za asidi kwa sababu ya urahisi wa bei, kabla ya mwaka wa sita kuisha atakuwa ameingia dukani mara tatu. Rahisi hapo imegeuka ghali.

Nani aanze, na aanze na nini

Kwa hesabu hizo, wapo ambao boti ya sola inawafaa leo.

Wa kwanza ni mfugaji wa samaki wa vizimba. Vizimba vya sato mara nyingi havipo mbali na ufukwe, na mfugaji huvitembelea kila siku kulisha. Anayesafiri nusu kilometa kwenda na nusu kilometa kurudi, mara mbili kwa siku, anatumia kilometa 2 tu. Hiyo ni kama theluthi moja ya uniti. Paneli moja ya wati 100 na betri ndogo vinatosha, na hakuna tone la mafuta karibu na samaki.

Wa pili ni mkulima wa mwani wa Unguja, Pemba na pwani ya bara. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto na kuudhuru mwani, hivyo baadhi ya wakulima, wengi wao wanawake, wamehamishia kilimo kwenye maji ya kina kirefu ambako hawawezi kufika kwa miguu. Wanahitaji chombo cha kubeba mwani mbichi, ambao ni mzito, kwa mwendo mfupi na wa taratibu. Kikundi kinaweza kumiliki kimoja kwa pamoja.

Wa tatu ni mwenye kivuko cha njia fupi, au anayebeba watalii kutazama ndege na viboko, kazi ambayo kelele ya injini huiharibu.

Mvuvi wa sangara anayekwenda mbali, na boti za mizigo mizito zinazokimbizana na soko la asubuhi, zisubiri. Kwa hao, njia inayoanza kujaribiwa upande wa Kenya ni ya kukodi mota na betri kubwa zinazochajiwa nchi kavu, badala ya kununua seti nzima.

Wapo pia wavuvi wa dagaa, ambao wanaweza kuanza bila mota. Uvuvi huo hufanyika usiku wa giza kwa taa, na kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai inayokunywa mafuta ya taa usiku kucha. Mwaka 2008, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha sola Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambako wavuvi waliweza kukodi taa zilizochajiwa kwa jua. Tangu wakati huo taa za LED zimeenea katika mialo mingi.

Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 10 inatumia sehemu moja ya kumi ya uniti. Taa 4 zinahitaji paneli moja ya kama wati 130. Mvuvi anayeanza hapo anajifunza kutunza betri kwa gharama ndogo, na akija kununua mota baadaye hanunui gizani.

Paneli ziwe juu ya boti au nchi kavu?

Si lazima paneli zikae kwenye boti. Zikiwekwa juu ya paa la duka au banda mwaloni, zinaweza kuwa nyingi zaidi, hazipigwi na mawimbi na ni rahisi kuzilinda dhidi ya wezi. Boti hubeba betri tu, na betri ikiisha hubadilishwa na nyingine iliyojaa.

Mpango huo una faida nyingine. Siku boti isipotoka, umeme ule ule unaweza kuendesha friji ya vinywaji, kinyozi au kuchaji simu. Paneli za boti iliyolala ufukweni hazimwingizii mtu chochote, lakini za dukani zinaendelea kufanya kazi.

Kwa kikundi cha wavuvi au chama cha ushirika, kituo kimoja chenye betri za kukodisha kinaweza kuwa biashara inayojitegemea. Mvuvi hulipa kwa usiku mmoja, kama alivyokuwa akilipa petroli, na mzigo wa mkopo mkubwa haumwangukii mtu mmoja.

Yasiyotakiwa kusahaulika

Ziwa halina huruma na makosa ya ufundi. Paa la sola hukamata upepo kama tanga, na likiwa juu sana boti huyumba. Paa liwe chini, lifungwe kwa bolti, na betri ziwekwe chini kabisa katikati ya boti ili zisaidie kuituliza. Abiria wapunguzwe kulingana na uzito ulioongezeka.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Waya wa betri ukigusana bila fyuzi huwaka moto kwa sekunde chache, na katikati ya maji hakuna pa kukimbilia. Betri za asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji, hivyo zisifungiwe kwenye boksi lisilo na tundu la hewa. Za lithiamu ziwe na kidhibiti chake ndani, na zisilowe.

Baharini, chumvi hula viunganishi vya nyaya haraka kuliko ziwani. Vipakwe grisi, vifungwe visipitishe maji na vikaguliwe kila wiki. Paneli zioshwe kwa maji baridi, maana vumbi na kinyesi cha ndege hupunguza umeme. Hata kivuli cha kamba au cha mtu aliyesimama juu ya sehemu ndogo ya paneli hushusha umeme wa paneli yote kwa kiasi kikubwa.

Siku za masika jua hupotea, na uniti 3 zinaweza kushuka hadi moja. Kwa hiyo makasia hayaachwi nyumbani, na mwenye kivuko asiuze injini yake ya petroli mwaka wa kwanza. Iwe akiba ya siku ya mawingu na ya dhoruba. Maboya ya kuokolea yabaki yale yale, idadi ile ile ya watu.

Boti ya abiria ikibadilishiwa injini na kuwekewa paa, chombo kimebadilika. Kwa Tanzania mwenye boti awaone TASAC ili kikaguliwe upya kabla ya kubeba watu. Kwa Kenya, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo machache na adai majibu ya namba, si ya maneno.

Mota ni ya wati ngapi? Wauzaji wengi husema mota ya kilowati 1 ni sawa na injini ya farasi 3. Wanapima kwa msukumo wa pangaboi, lakini kwa nguvu halisi kilowati 1 ni farasi 1 na theluthi.

Betri ni ya uniti ngapi, na ngapi kati ya hizo ninaruhusiwa kutumia? Ina dhamana ya miaka mingapi, na ikiharibika naipeleka wapi? Dhamana ya duka lililo mbali na mnunuzi ambaye hana risiti haimsaidii.

La mwisho, na ndilo kubwa, ni kuomba majaribio. Boti ibebe mzigo wa kawaida, iende njia yake ya kila siku na irudi, upepo ukiwa mbele. Kisha zisomwe uniti zilizobaki kwenye betri. Ikiwa imebaki zaidi ya robo, mazungumzo ya bei yanaweza kuanza. Ikiwa imerudi kwa makasia, mnunuzi amepoteza nusu siku tu, na akiba yake bado iko mfukoni.